Injinia mzoefu wa barabara kutoka Bongo, hapa Toronto hata intavyuu sipati. Nishuke niwe fundi sanifu au nikomae?

Kitonga_Mteremko:

Wakuu habari za mihangaiko. Naombeni ushauri kwa mlioko Kanada hasa upande wa Ontario, walioko majimbo mengine nao karibuni.

Mimi ni injinia wa ujenzi, nimesoma Mlimani, nimesajiliwa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi), na maisha yangu yote ya kazi yamekuwa barabarani, nilianzia kwa mkandarasi nikahamia kwa mhandisi mshauri, mpaka naondoka nilikuwa msaidizi wa RE (mhandisi mkazi) kwenye mradi mmoja wa TANROADS wa lami kule nyanda za juu kusini. Tumekuja na mke wangu na watoto kwa PR (ukaazi wa kudumu), ile njia ya Express Entry. Vyeti vikapita WES, wale wanaolinganisha vyeti vya nje, wakasema digrii yangu ni sawa na digrii ya kwanza ya Kanada, uzoefu wangu nao ukahesabiwa pointi, yaani watu wa uhamiaji walinipokea kama injinia kabisa. Nimefika sasa, hamna mtu anayetaka kusikia habari za hizo pointi.

Natuma maombi onlaini mpaka macho yanauma. Naomba zile nafasi zinazofanana na nilikotoka, projekti meneja, msimamizi wa ujenzi, mambo hayo. Nyingi kimya. Nyingine inakuja ile imeili ya "tunashukuru kwa kuonyesha nia ya kufanya kazi nasi" saa nane za usiku, unajua kabisa hapa imenijibu kompyuta hakuna binadamu aliyesoma. Intavyuu moja ya maana niliyoipata ilikuwa inaenda vizuri tu mpaka mama aliyekuwa ananihoji akaniuliza umewahi kusimamia umwagaji wa zege kwenye baridi, nikajibu kinadharia nadharia hivi, akaandika kitu kwenye karatasi yake halafu akauliza kama nina uzoefu wa Kanada. Nikajua basi.

Sasa hivi niko ghalani Brampton shifti ya usiku, napanga maboksi kwenye paleti. Siidharau kazi, kodi ya nyumba inalipika. Mke wangu Bongo alikuwa mwalimu, hapa kapata mapema tu kazi ya kuhudumia wazee na ndiye anayeibeba nyumba. Mama mzazi akipiga simu ananiuliza "injinia, barabara za huko zikoje?", namwambia nzuri mama, zina theluji tu.

Juzi jamaa mmoja Mnaijeria tunafanya naye kazi akanambia niachane na kuomba uinjinia, niombe kazi ya kupima zege na udongo saiti. Kazi ya fundi sanifu. Wakuu, hao mafundi sanifu mimi nilikuwa nasaini ripoti zao! Nikishuka huko si ndo nimejizika, mwajiri akiona CV ataniona fundi moja kwa moja? Au nikomae na leseni ya PEO (wanaotoa leseni za uinjinia Ontario) kwanza halafu ndo nitafute? Nasikia wamelegeza masharti, ni kweli? Msinitukane tafadhali, nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha.

Boksi_la_Zamani:

Karibu chamani mkuu. Hapa kuna madaktari wanaendesha teksi na wahasibu wanapika burger, wewe injinia kubeba boksi ni nini. Mimi nimeshaacha kujidanganya, hawa watu wanaangalia jina tu, wakiona halitamkiki wanapita. Uzoefu wa Kanada ni neno la adabu la kukwambia hatukutaki. Kama bado una koneksheni rudi Bongo, SGR inajengwa, madaraja yanajengwa, huku utakuja kuzeeka na paleti.

Mama_Zege:

Mkuu Kitonga pole, ila huyo Mnaijeria wako kakwambia jambo la maana. Ngoja niandike kwa kirefu maana njia hiyo nimeipita mwenyewe, Bongo nilikuwa maabara ya vifaa vya ujenzi, na hapa nimeanzia huko huko saiti na koni ya slampu (ya kupimia ulaini wa zege) mkononi.

Kwanza ujue hawa wanaogopa nini. Hakuna anayebisha kwamba barabara zako zilisimama. Wanaogopa kukuweka saiti ukapitisha kitu ambacho hujawahi kukiona. Wewe kule kichwa kilikuwa kinakuuma kwa lami kubonyea, malori yamezidisha uzito, yanapanda mlima kwa mwendo wa konokono, jua linawaka, lami yako ya ugumu wa 60/70 unaiombea isichimbike mifereji ya matairi. Huku wanacholilia zaidi ni lami kupasuka kwa baridi, ndo maana Ontario ya kusini wanatumia lami ya daraja la PG 58-28, na hiyo 28 ya mwisho ni nyuzi 28 chini ya sifuri, ukipanda kaskazini unakuta 52-34. Mtu ambaye hajawahi kuona barabara ikivimba katikati kwa sababu maji ya chini yameganda, wao wanamuona mgeni hata awe na shahada tatu.

Zege nalo hivyo hivyo. Bongo kupima nguvu ya zege unaponda kyubu za milimita 150, hapa ni silinda za 100 kwa 200, unaziponda siku ya 7 na siku ya 28. Na kabla hujajaza silinda unapima hewa iliyomo ndani ya zege, kwa sababu zege la nje linaloganda na kuyeyuka kila msimu na kumwagiwa chumvi ya barabarani lazima liwe na vipovu vidogo vidogo vya hewa, kwa aina nyingi za zege la nje ni asilimia 5 mpaka 8, bila hivyo uso unabanduka misimu michache tu. Siku ya kwanza kukiona kile chombo cha kupimia hewa nilidhani ni presha kuka, mfuniko wake, vishikizo vyake, geji yake juu, nikabaki nakiangalia.

Na lile swali la baridi ulilokwama nalo jibu lake hili hapa. Kiwango cha CSA (shirika la viwango la Kanada) kinasema joto la hewa likiwa nyuzi 5 au chini, au utabiri ukionyesha litashuka hapo ndani ya saa 24, unaingia kwenye taratibu za baridi. Humwagi zege juu ya udongo ulioganda. Unafunika kwa mablanketi ya kutunza joto, au mnajenga banda la maturubai mnawasha hita ndani, na joto la zege linarekodiwa siku zote za ulinzi. Hayo yote injinia kama wewe unayashika kwa msimu mmoja, ila hamna meneja atakayekupa mradi wake ukajifunzie humo, wakati kazi ya kupima unajifunza huku unalipwa.

Kazi yenyewe iko hivi. Alfajiri unapigiwa simu na anayepanga zamu anakupa saiti, nyuma ya gari una toroli, koni, chombo cha hewa na silinda. Lori la zege likifika soma tiketi yake kwanza, limepakiwa saa ngapi, zege la daraja gani, kisha unachukua sampuli. Kuna siku nilikuwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, lori la pili slampu ikamwagika kabisa, dereva kaongeza maji njiani au pale getini sijui, fomeni ananambia andika kama lile la kwanza, hii ni njia ya miguu tu sio daraja. Nikaandika nilichopima, nikapiga simu kwa konsalti, nikamweleza kwa utulivu maji yale yatafanya nini kwa uso wa zege ikifika Januari. Lori likarudishwa. Fomeni hakuniaga siku ile, ila yule injinia wa konsalti akauliza ofisini kwetu yule mama Mwafrika ni nani na kasoma wapi. Fundi sanifu wa kawaida angesoma namba tu akaondoka zake, wewe unajua namba ina maana gani, na hilo halijifichi ukiwa saiti wiki mbili tatu.

Baridi ikiingia kazi za saiti zinapungua, wengi wanapumzishwa wanaenda kula bima ya ajira. Mimi nikaomba nibaki ofisini nisaidie ripoti, na humo ndimo walinifahamu. Sasa hivi nasimamia wapimaji, na leseni nimepata.

Kuhusu kuonwa fundi: hapa cheo cha kwanza hakikufungi kama unavyodhani. Mwajiri wa pili anaangalia mwajiri wa kwanza wa hapa hapa ambaye anaweza kumpigia simu na kumuulizia. Wewe leo hii akupigie nani, RE wako yuko Makambako na kwao ni saa saba za usiku?

Na wewe Boksi, ubaguzi upo sikatai, jina langu hawajawahi kulitamka vizuri mpaka leo. Lakini kumwambia mtu mwenye watoto shuleni arudi kwa sababu ya SGR sio ushauri huo.

Nyeri_Kwa_Baridi:

Kitonga pole sana boss. Mimi ni QS (mkadiriaji wa gharama za ujenzi) kutoka Kenya niko Calgary, lakini shemeji yangu ni injinia Mississauga na hayo ya PEO tumeyapitia naye mezani kwangu. Mama Zege amenena, ila mimi niko na wasiwasi mmoja. Nimeona wasee wameingia maabara wakasema ni ya msimu mmoja, summer ikaja overtime ikawa tamu, miaka ikapita bado wanabeba silinda. Ukiingia huko ingia na makaratasi ya leseni tayari mezani, si ati utaanza baadaye.

Kuhusu leseni ni kweli. Zamani PEO ilikuwa inataka angalau miezi 12 ya uzoefu uwe wa Kanada, chini ya injinia mwenye leseni. Mei 2023 wakaiondoa. Miezi 48 ya uzoefu bado wanaitaka lakini inaweza kutoka popote, hata hiyo lami yako ya Iringa. Venye wanaipima sasa ni kwa umahiri, kuna vipengele 34 vimepangwa kwa makundi 7, na kila kimoja unaandika kazi halisi uliyoifanya wewe, si timu, wewe. Tatizo, ulifanya nini, matokeo. Na lazima mtu aliyekusimamia athibitishe. Hapa ndo wengi wanakwama, bosi wako amestaafu, imeili ya kampuni haifanyi kazi, simu amebadilisha. Anza kuwatafuta hao watu leo kabla ya kuanza kuandika chochote. Kuna pia mtihani wa sheria na maadili ya kazi, NPPE, na digrii yako kwa kuwa si ya Kanada unaweza kupewa mitihani ya kuithibitisha. Ile karatasi ya WES uliyotumia kuingilia nchini ilikuwa ya uhamiaji, usiende nayo PEO ukidhani umemaliza.

Halafu kitu watu hawaambiwi: Ontario cheo cha injinia kinalindwa na sheria. Ukijiandika LinkedIn kwamba wewe ni injinia hapa Ontario na huna leseni, unaweza kuandikiwa barua na hao hao PEO unaowaomba. Kazi za Tanzania ziandike na vyeo vyake vya Tanzania hiyo ni sawa, lakini pale juu kwa jina lako tumia maneno mengine, mratibu wa miradi, mtaalamu wa barabara, kitu kama hicho.

Na CV. Kama bado ni ile ya kwetu ya kurasa sita na tarehe ya kuzaliwa, dini, idadi ya watoto na hobi ya kusoma magazeti, tupa. Kurasa mbili, bila picha, bila umri. Kama umekuja na PR kuna mashirika ya wageni yanakusaidia hiyo bure, Toronto kuna ACCES Employment, kuna TRIEC wanakuunganisha na mtu wa fani yako akushike mkono. Pesa za mitihani zikikosa kuna Windmill wanakopesha wahamiaji kwa ajili ya leseni na kozi, riba yao si ya kukunyonga.

Boksi, kuhusu uzoefu wa Kanada, Ontario kuanzia tarehe 1 Januari 2026 mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kuuandika kwenye tangazo la kazi. Ni sheria.

Boksi_la_Zamani:

Haruhusiwi kuuandika. Kwani huyo mama aliyemuhoji Kitonga aliuandika? Aliuliza kwa mdomo. Sheria nzuri kwa makaratasi hiyo. Tume ya haki za binadamu ya Ontario ilishasema tangu 2013 kwamba kudai uzoefu wa Kanada ni ubaguzi mpaka mwajiri athibitishe unahitajika kweli, miaka yote hiyo mmeona nini?

Nyeri_Kwa_Baridi:

Hapo umenishika kidogo, sikatai. Lakini tangazo lisipokuwa na huo mstari kompyuta haina sababu ya kukuchuja mapema, angalau unafika mbele ya mtu. Mbele ya mtu ndo uongee zile nyuzi 5 za Mama Zege.

Mwana_Bukavu:

Jambo bandugu. Miye niko Gatineau, natoka Bukavu, nilikuwa natumika kazi ya ujenzi kule. Watu wanapenda kusema eti ukijua Kifaransa uende Quebec kazi inakungoja. Kifaransa niko nacho tangu shule ya msingi, na bado. Kuna mkataba wa Quebec na Ufaransa wa tangu 2008, injinia mwenye diploma ya Ufaransa njia yake ni fupi, sisi tulisoma kwa luga ile ile na vitabu vile vile lakini diploma yetu ni ya Kongo, basi unapita njia ndefu pamoja na wengine wote. Sasa navuka daraja kila asubui naenda kutumika Ottawa, kukadiria gharama kwa mkandarasi mmoja mudogo. Huyo patron hakuniuliza Kanada hata kidogo, aliniwekea ramani ya jengo mbele akasema hesabu. Kitonga, makampuni makubwa yana kompyuta, hawa badogo wana haraka. Tafuta badogo.

Kitonga_Mteremko:

Wakuu nimesoma yote, nimesoma mara ya pili na mke wangu, yeye yuko upande wa Mama Zege asilimia mia anasema ujinga wa cheo niuache uwanja wa ndege. Mimi bado naumwa umwa kidogo lakini nimeelewa. Nyeri nashukuru sana, RE wangu nimemtafuta WhatsApp kajibu hapo hapo, kasema atathibitisha, na kacheka kwamba sasa ni zamu yake kuandika ripoti zangu.

Dada Mama Zege swali, umesema nyuma ya gari. Mimi mpaka sasa napanda basi. Leseni ya Bongo ninayo ya miaka mingi, nimeendesha mpaka Land Cruiser za mradi kwenye tope la Ludewa, hapa naanza upya kama mtoto? Na vyeti vya kupima zege navitafuta kabla ya kuomba au baada?

Mama_Zege:

Leseni shughulikia wiki hii hii, bila gari hiyo kazi haipo, kwenye tangazo huwa ni mstari wa kwanza kabisa. Tanzania haimo kwenye nchi zinazobadilishiwa leseni moja kwa moja, kwa hiyo mtihani wa maandishi wa G1 utaufanya. Lakini ukiwa na uthibitisho kwamba umeendesha zaidi ya miaka miwili, husubiri miezi yote ile ya wanaoanza, unaweza kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa barabarani wa G, leseni kamili. Kadi yako peke yake haitoshi kuthibitisha hiyo miaka, wanataka barua rasmi, iandikwe na TRA waliokupa leseni au ubalozi wetu Ottawa. Barua ya TRA mpe ndugu mwenye subira aifuatilie. Na kabla ya mtihani chukua masomo mawili ya mwalimu wa hapa hata kama unajua gari, sisi tunafelishwa kwa kutogeuza shingo kuangalia bega na kwa kutosimama kabisa kwenye alama ya kusimama, kule kwetu unapunguza tu unapita.

Vyeti: Working at Heights fanya mwenyewe mapema, ni kozi fupi, kwenye ujenzi Ontario ukifanya kazi sehemu zilizoinuka juu ni lazima, inadumu miaka 3. Cheti cha kupima zege saiti kampuni nyingi zinakulipia ukishaingia, ukiweza kukipata mwenyewe kabla ni vizuri CV inapanda. Ile mashine ya nyuklia ya kupima mgandamizo wa udongo usiihangaikie, mafunzo yake wanatoa wao, huwezi kuigusa bila kibali cha kampuni.

Maombi peleka Februari na Machi, ndo wanajaza nafasi za msimu, ukisubiri mpaka Mei unakuta watu washapangiwa saiti. Kwenye barua ya maombi usiandike unatafuta chochote. Andika umesimamia maabara ya saiti, umesoma matokeo ya kyubu, unajua kuendesha timu, na kwamba unataka kujifunza viwango vya CSA saiti. Wakikuuliza mbona una elimu kubwa kuliko kazi waambie ukweli, unafuatilia leseni na unataka kuijua kazi ya hapa kuanzia chini, hilo jibu wanalipenda.

Na viatu. Nunua vyenye alama ya pembetatu ya kijani ya CSA, chukua namba moja juu ya yako maana Aprili bado utavaa soksi mbili. Usije na zile buti za Kariakoo, getini hapo hapo wanakurudisha.